Mwambie Mama Yako

Kila ninapomsikia mzee akikohoa njiani kabla ya kutokeza kwenye kona, magoti yangu hutaka kukimbia. Nimekwisha kuvuka umri wa kukimbia, na mtu anayekohoa siku hizi ana mafua tu, au amekabwa na vumbi. Lakini mwili hauyajui hayo. Mwili unajua kwamba kikohozi kile kikavu ni cha babu yangu mzaa baba, kwamba mama yuko nyuma yangu na mzigo kichwani, na kwamba nisipogeuka sasa hivi nimwambie aingie kichakani, aibu itakayotokea itakuwa ya kwangu.

Wajukuu zangu wakisikia habari hii hucheka mpaka wakalala chini. Ninyi naomba msicheke kwanza.

Kwetu Ikinga, katika milima ya Ileje, mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kuonana uso kwa uso na baba wa mume wake. Hawakuwa na ugomvi. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Mkwe akimwona mzee anakuja, huacha njia, huchuchumaa majanini akampa mgongo, hujifunika kichwa kwa kaniki yake, na mzee hupita akitazama upande wa pili kama mtu anayekagua mawingu. Hawakusalimiana. Hawakuulizana neno wala kujibizana. Jambo likitokea ambalo ni lazima wasemezane, hutafutwa mtoto wa kulipeleka na kulirudisha. Katika nyumba yetu mtoto huyo nilikuwa mimi, kwa sababu nilizaliwa wa kwanza, na kwa sababu baba yangu alikuwa amepita Tunduma kwenda migodi ya shaba ya Rodeshia na hakuonyesha dalili ya kurudi.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia. Mama akienda kisimani, natangulia. Akienda shambani, kanisani, kwa jirani kuomba moto, natangulia kuchungulia kila kona. Wenzangu walikuwa wakiteleza mtelemkoni juu ya magome ya mgomba, na mimi nipo njiani kama askari wa doria, nikiliangalia pindo la shuka la mzee mmoja.

Laiti mzee huyo angekuwa mtu wa kukaa. Wazee wengine waliota jua mlangoni mpaka likawahamisha lenyewe. Babu yangu hakukaa. Alikuwa fundi wa kusuka vihenge vya kuwekea mahindi na ulezi, na kwa ajili ya vihenge hivyo aliizunguka milima yote akitafuta mianzi. Asubuhi ungemkuta bondeni, adhuhuri yuko juu kwenye mizinga yake ya nyuki, na ukifikiri sasa amechoka ameketi, unamsikia anakohoa mbele yako, na mwanzi mrefu begani unaotangulia kufika kabla yake.

Kwa hiyo tulizunguka. Nimekijua kijiji chetu kwa kukizunguka. Njia ya kisimani ilishuka moja kwa moja kati ya migomba, na mtu yeyote mwenye akili angeipita. Sisi tulipita juu, kwenye mibuni mipya ambayo matone yake ya ukungu yalikuudhi shingoni, tukashukia kwenye mawe meusi yenye kuvu, tukatokea penye miti ya misuku, ambapo tope lilinuka matunda yaliyooza na nyuki walevi walitembea chini kama wagonjwa. Nilijua mahali ambapo siafu walivuka kila masika. Nilijua mwamba ambao, ukungu ukipasuka, ungeliona bonde la Songwe chini kabisa na milima ya Nyasa ng'ambo, ya buluu, kana kwamba mtu ameifua akaianika. Watu wazima walinisifu kwamba mtoto huyu anaijua nchi. Nilikuwa nimeijua kwa hasira.

Mama naye hakunisaidia kukasirika. Nikinung'unika alinijibu kwa upole ule unaoongeza hasira, kwamba njia ndefu nayo hufika. Babu alinitania. Aliniita mwenzangu, kama babu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, akaniuliza mke wetu hajambo, akimaanisha bibi yangu. Nikimlalamikia juu ya kuzungukazunguka kwake alisema basi mianzi ifundishwe kutembea, imfuate nyumbani.

Sasa niwaambie siku yenyewe.

Ilikuwa mwisho wa masika, udongo mwekundu umelowa mpaka unakuvua miguu. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda msibani ng'ambo ya mlima. Mama alibaki kung'oa maharage ya shamba la bondeni, kwa sababu yangelala siku moja zaidi yangechipua. Babu alibaki kwa sababu yeye na marehemu walikuwa hawasemezani tangu enzi za Mjerumani, ugomvi wa mzinga mmoja wa nyuki, na alisema hataki kumfanyia mtu unafiki wakati hawezi tena kumjibu.

Alasiri tukaanza kurudi, mimi mbele, mama nyuma na furushi la maharage lililofungwa kwa kamba ndefu ya magome. Kabla ya kufika kivukoni, ambapo gogo lililazwa juu ya kijito, nikasikia kikohozi. Nikainua mkono. Mama akaingia kwenye majani bila kuuliza, kwa mazoea, kama mlango unavyojifunga. Nikangoja babu apite.

Hakupita. Kikohozi kikaja tena, nacho kilitoka chini.

Nikasogea. Babu alikuwa amelala ukingoni mwa kijito chini ya gogo, mianzi yake imetawanyika kama njiti za kibiriti, mguu mmoja umepindishwa chini ya goti mahali ambapo mguu hauna kiungo. Unyayo wake ulikuwa majini. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu, lakini jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa hili:

"Mwenzangu, mama yako yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nyuma, majanini.

"Mwambie asisogee. Shuka langu limechanika, sijafunikika vizuri."

Ninyi fikirieni. Mtu amevunjika mguu. Upande wa juu, milimani, mawingu yalikuwa meusi kama chungu, na sisi wote tulikijua kijito kile na tabia yake: mvua ikinyesha juu ambako huioni, kijito huleta maji ghafla, ya udongo, na magogo ndani yake. Kilikuwa kimewahi kuchukua ng'ombe. Na mzee anaulizia shuka.

Nikapanda mbio kwa mama. Nikamkuta amechuchumaa ametupa mgongo, kaniki kichwani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Muulize kama anaweza kusimama."

Kutoka chini, babu akajibu, "Mwambie siwezi."

"Muulize maji yamefika wapi."

"Mwambie kwenye kifundo. Yalikuwa kwenye kidole."

Nilisimama katikati ya mteremko na kuangalia huku na huku. Sauti zao zilinipita masikioni mwangu kwenda na kurudi, na mimi sina hata la kubeba. Nikawaambia, mmesikiana. Ilikuwa kama vile nimetoa tusi kanisani. Halafu mama, polepole, kama anayemfundisha mjinga, akasema: "Mwambie babu yako nimeuliza maji yamefika wapi." Na mimi, kwa machozi ya hasira, nikashuka, nikamwambia babu maneno aliyokwisha kuyajibu, nikapanda, nikamwambia mama maneno aliyokwisha kuyasikia.

Nikasema nikimbie msibani kuita watu. Mama akakubali, nikaanza kukimbia, kisha akaniita nirudi. Alikuwa anasikiliza. Huko juu ngurumo ilikuwa imeanza, ya chini, ya kuendelea, na haikuwa ngurumo ya mawinguni. Ningekwenda juu ya mlima na kurudi, tungekuta kivuko kitupu.

Akafungua furushi. Maharage yote, kazi ya siku nzima, akayamwaga matopeni, akabaki na kamba mkononi.

"Muulize babu yako kama naweza kuikata mianzi yake."

Babu alifikiria. Naapa mbele yenu kwamba alifikiria. Kisha akasema, mwambie achukue ile minene miwili na ile iliyopasuka; ile ya manjano asiiguse, nimeihangaikia wiki nzima, ni ya kihenge cha mchungaji. Maji yalikuwa yamefika kwenye shavu la mguu. Nikamwambia mama. Mama akasema, mwambie ya manjano ndiyo haivunjiki. Babu akaguna. Akasema, mwambie basi, lakini amwambie mchungaji yeye mwenyewe.

Niliivuta mianzi mmoja mmoja mpaka juu. Mama aliikata kwa mundu akiwa ameupa mgongo mteremko, akalaza minene miwili sambamba, akaifunga ya manjano juu yake kukingama kama ngazi, akatandika majani ya mgomba, na juu ya majani akavua kaniki yake ya mabegani akaitandaza. Kilikuwa kitu cha kuburuta, kama vile ng'ombe waburutavyo magogo. Nikakishusha, na mundu juu yake. Babu alijiviringisha juu yake mwenyewe, mimi nimemshika makwapani, na mguu ukatoa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Aliuma mpini wa mundu. Alipoweza kusema alisema mpini huu ni wa mti mbaya, baba yako ndiye aliyeuchonga.

Kamba ilikuwa ndefu kiasi cha kufika kwenye kona ya njia. Mama aliizungusha kifuani, akainama, mgongo kwetu, akavuta.

Kwanza hakikusogea kitu. Halafu tope likaachia kwa sauti ya kufyonza, na babu yangu akaanza kupanda mlima akiwa amelala, akitazama mbinguni, nyuma ya mgongo wa mkwe wake. Mimi nilikuwa nyuma nikisukuma na kuushika ule mguu.

"Mwambie mama yako aende taratibu."

"Mwambie babu yako taratibu itatuua."

Tulipoipita kona ya kwanza maji yakafika. Hatukuyaona yakija, tuliyasikia, na nilipogeuka gogo la kivukoni lilikuwa halipo. Palikuwa na maji mekundu mapana, na mti mzima ukipinduka ndani yake na mizizi juu. Mama alisimama. Kamba ililegea kidogo. Sote watatu tulihema.

"Mwambie mama yako," babu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "pale nilipokuwa nimelala hapapo tena."

Sikuwahi kumwambia. Mama alijibu kabla sijavuta pumzi.

"Mwambie nimesikia."

Kisha akavuta tena.

Kilima kile ni kirefu. Mnaokijua mnajua. Na kwa kuwa kilikuwa kirefu, na kwa kuwa mzee alihitaji kusahau mguu, walianza kuzungumza. Babu aliuliza, mwambie mama yako maharage yale yalikuwa mazuri? Mama akasema, mwambie yalikuwa mazuri kuliko ya mwaka jana, na ng'ombe wake ndio walioyala ya mwaka jana. Babu akasema hakulijua hilo. Mama akasema, mwambie angelijuaje. Wakaenda hivyo. Babu akaeleza jinsi baba yangu, alipokuwa mdogo kama mimi, alivyoiba asali akaificha kwenye kihenge, siafu wakaifuata, nyumba nzima ikalala nje. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia kwa uchovu. Alikuwa anacheka. Hakuwahi kuisikia habari hiyo, baba hakumwambia. Akauliza mengine. Mume wake alianza kutembea lini? Alikuwa mkaidi vile vile? Mama yake, yaani bibi yangu, alipoolewa, naye alilia?

Mimi nilikuwa nimechoka kabisa. Midomo ilikauka. Nilianza kufupisha. Babu alieleza jambo refu juu ya bibi alivyofika kwa mume akiwa na kuku mmoja na hasira nyingi, nami nikasema tu, "Anasema alilia."

"Hakusema hivyo," mama akasema. "Amesema alikataa kula."

Na babu kutoka mianzini, "Mwambie mama yako mtoto huyu ni mvivu wa maneno."

"Mwambie amemrithi babu yake wa upande mwingine."

Nikaacha kusukuma, nikakaa chini katikati ya njia. Nikawaambia kwamba mimi sina kazi hapa, kwamba wanasikiana tangu kijitoni, kwamba waongee wao na mimi niende nyumbani nikale. Mama alisimama na kamba kifuani, akitazama mbele. Babu alitazama mbingu. Jasho lilikuwa likimtiririka mama mgongoni, na pale kamba ilipopita begani palikuwa pamechubuka pekundu. Walingoja. Wangengoja hapo mpaka kesho. Ikanibidi nisimame, nikajifuta makamasi, nikasema, "Babu anasema mimi ni mvivu wa maneno." Ndipo kamba ikakaza.

Karibu na juu, watu waliotoka msibani walituona wakaja mbio. Wanaume wakambeba babu, wanawake wakamvika mama nguo. Mganga wa mifupa aliuunga mguu, ukapona kwa kupinda. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye alizishika desturi kuliko wazee wenyewe, aliniita pembeni akaniuliza swali moja tu: mama yako aligeuka? Nikamwambia hakugeuka. Akaniuliza tena, hata mlipokwama topeni? Hakugeuka. Shangazi akakaa chini akajifunika uso. Baadaye babu alimpelekea mama kaniki mpya, kupitia kwangu bila shaka, kwa kuwa ile iliyolaliwa na mzee asingeweza kuivaa tena. Alimpelekea na jogoo. Mchungaji alipata kihenge cha mianzi ya kawaida, na nasikia alikisifu.

Tangu hapo mambo yalibadilika kidogo. Jioni babu alichechemea mpaka ukuta wa nyuma wa jiko letu, akaketi nje akisuka, na mama akapika ndani. Kati yao palikuwa na ukuta wa udongo na mimi mlangoni. Mwambie mama yako mvua hii ni ya panya, itawaingiza vihengeni. Mwambie babu yako mkwe wake wa pale chini amejifungua. Walizungumza mpaka ugali ukaiva. Nilipokwenda shule ya misheni, mdogo wangu wa kike aliichukua kazi yangu, naye alinung'unika kama nilivyonung'unika mimi.

Nami nikaendelea na masomo mbali, mpaka sekondari, jambo ambalo wakati ule lilimfanya mtu aonekane mrefu hata akiwa mfupi. Nikarudi na viatu. Nikarudi pia na maoni. Nilikuwa nimesoma kwamba desturi kama zile zinamnyima mwanamke utu wake, na sisemi hata leo kwamba kila kitu nilichosoma kilikuwa uongo. Mwanamke mwingine wa kwetu alijifungulia kichakani kwa kumkwepa mkwewe, na hilo siwezi kulisifu. Lakini mimi sikuuliza. Jumapili moja baada ya ibada, mbele ya watu wote, nilimshika mama mkono, nikamshika babu mkono, nikaviunganisha viganja vyao. Nikasema maneno fulani juu ya nuru. Watu walipiga makofi, hata shangazi, maana alikuwa amebatizwa.

Hawakunibishia. Nilikuwa mtoto wao msomi. Mama alisema shikamoo, babu akasema marahaba, kila mmoja akitazama viatu vyangu.

Basi. Tangu siku ile walikutana njiani kama watu wengine. Shikamoo, marahaba, kila mtu na njia yake. Babu hakuja tena nyuma ya jiko. Ingekuwaje aketi nje ya ukuta, na sasa ruhusa ya kuingia anayo? Na akiingia, aanze vipi? Niliwaona wamekaa chumba kimoja kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, wazima wote, wanaonana, na hakuna aliyepata neno. Mimi nilijipongeza. Nilidhani ni aibu ya mwanzo, itapita.

Mwaka uliofuata babu aliugua kifua. Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Mama aliingia na uji, akasimama karibu na kitanda, uso wazi. Babu alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa. Aligeuza macho yake, si kwake, bali kwangu, kama zamani, akasema:

"Mwenzangu. Mwambie mama yako..."

Nami nikacheka. Nilicheka kwa upendo, niaminini, lakini nilicheka. Nikasema, "Babu, mama huyu hapa. Mwambie mwenyewe."

Alinitazama kidogo. Kisha akamtazama mama, mara moja, akatazama ukuta. Midomo ilifanya kama inatafuta njia. Akasema, "Basi, si kitu." Akanywa uji. Alifariki kabla juma halijaisha, nalo neno lile hakulirudia.

Baada ya mazishi nilimkuta mama jikoni, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nikamuuliza anadhani babu alitaka kusema nini. Hakukasirika. Nilitamani akasirike.

"Ungemwacha amalize," akasema. "Halafu ungeniambia."

Ni miaka mingi sasa, na mama naye amelala kwenye kilima kile kile. Nimefundisha watoto wa watu, nimeandika barua za serikali, nimekuwa mzee wa kanisa. Sijui mpaka leo ni neno gani, nami nilikuwa nimesimama kati yao, mahali pangu pa siku zote, na kazi niliyotakiwa kuifanya ilikuwa kunyamaza tu mpaka liishe, kisha nigeuze kichwa.